Tyubu ya Dada Ruth

Jumatatu, 1 Februari 1993

Nimetolewa mapokezi. Meneja, Bwana Sadoki, kanifuata asubuhi hata sijafungua kitabu cha wageni. Kasema kuanzia leo nitakaa dobi, nihesabu mashuka, mpaka uso utulie. Kasema kwa sauti ya chini kama mtu mwenye huruma, lakini kuna mama wa Kizungu alikuwa anasubiri ufunguo na akanitazama mashavu, kisha akatazama chini. Afadhali angenitukana.

Hoteli ilipokuwa ya serikali hakuna aliyejali sura ya mtu. Mgeni alingoja, akahudumiwa, akaenda zake. Sasa imeuzwa. Tajiri mpya anataka zulia jipya, vikombe vipya, na nyuso mpya pia. Na mimi ndiye niliyekuwa nasifiwa! Novemba iliyopita tu Sadoki alinishika bega akasema, Elieza, wewe ndiye kioo cha hoteli.

Novemba nilikuwa napaka krimu ya dada Ruth. Tyubu nyeupe anayoileta kutoka Nairobi. Chunusi zilikauka zote, uso ukawa laini, hata nikawa mweupe kidogo. Krismasi mzigo wake ukakwama mpakani Namanga, tyubu ikaisha. Wiki mbili tu — uso ukalipuka. Si zile chunusi za zamani. Hizi zinawaka moto, nyekundu, hadi kuzunguka mdomo. Nikicheka ngozi inavuta.

Kwa hiyo sicheki.


Alhamisi, 4 Februari

Nimekwenda hospitali. Daktari ni mama wa makamo, anaitwa Magreth, mpole mpaka anaudhi. Nilimpa shikamoo, akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza nilikuwa napaka nini. Nikatoa tyubu tupu. Akaisoma muda mrefu.

"Nani alikuandikia hii?"

"Dada yangu."

"Dada yako ni daktari?"

"Hapana. Ana duka la vipodozi Kwa Mrombo."

Hakunicheka. Kasema hii ni dawa ya ugonjwa mwingine wa ngozi, inaandikwa na daktari, inapakwa siku chache na kuachwa. Ukiipaka usoni miezi ngozi inakuwa nyembamba, inaizoea, na siku ukiacha inadai. Ndiyo neno alilotumia — inadai. Akasema nisiiguse tena, hata mara moja.

Kaniandikia krimu nyingine. Kidogo tu, kama punje ya dengu, uso mzima, jioni baada ya kunawa na kukauka. Nisikae juani. Nisimpe mtu. Kisha akasema kwa utulivu uleule kwamba uso utababuka, utakuwa mbaya zaidi kwanza, halafu nisitegemee nafuu ya maana kabla ya miezi mitatu.

Miezi mitatu. Nilitaka kuigonga meza yake. Nikamwambia asante daktari.


Jumatano, 10 Februari

Duka la dawa mjini walikuwa nayo krimu ya daktari. Ni ya njano, haina harufu. Inachoma. Pembeni mwa pua ngozi inatoka vipande kama maganda ya kitunguu. Leo mpishi kaniuliza kama nimeungua na mafuta. Nikamwambia ndiyo. Rahisi kuliko kueleza.

Dobi ni joto na mvuke kutwa nzima. Anayepiga pasi ni dada mmoja, Nanyori, wa Nduruma. Hasemi sana. Anajifunga kanga mpaka mashavuni humo ndani ya joto lote lile. Sijamuuliza.


Jumapili, 14 Februari

Nimepanda nyumbani Nkoaranga. Nisingeenda, ila Mama alituma salamu mara mbili. Baada ya ibada watu wamesimama nje ya kanisa, kila mmoja ananisalimia kwa macho kwanza. Tumefika nyumbani, Baba ameweka kofia mezani, ndipo akasema.

"Wanasema mwanangu anajichubua."

"Sijichubui, Baba. Natibiwa."

"Mwanaume anapaka nini usoni? Mimi nimezeeka kwa maji na sabuni."

Mama ameinuka kwenda jikoni. Na Ruth alikuwepo. Ruth, amevaa vizuri, poda yake, mkoba wake wa Nairobi. Akatoa tyubu mpya kabisa akaiweka karibu na kofia ya Baba. "Mzigo umetoka. Paka hii, siku tatu utakuwa mtu." Nikamwambia daktari kaikataza. Akasema madaktari wanataka urudi kwao kila mwezi, ndiyo biashara yao. Nikamwambia na wewe yako ni ipi? Hapo Baba akapiga meza.

Nilimfuata Mama jikoni, nikitegemea ataniunga mkono. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Ruth ndiye aliyekusomesha," akasema. "Kahawa haikukusomesha. Baba yako anafikiria kuing'oa. Usimvunjie dada yako heshima mbele ya watu."

Niliposhuka, nimeikuta tyubu kwenye mfuko wa koti langu. Sijui nani aliiweka. Sikuitupa, na hilo linaniudhi kuliko yote.


Jumanne, 23 Februari

Sadoki kaja dobi mwenyewe. Mwanzoni mwa Machi kuna mkutano mkubwa, wageni kutoka nje, hoteli itajaa. Anahitaji mtu wa Kiingereza pale mbele. Kama uso wangu umekaa sawa, ni mimi. Kama haujakaa, ataajiri kijana mwingine, na hapo hawezi kuniahidi kitu. Alizungumza huku anapapasa shuka. Hakunitazama.

Najua Kiingereza. Najua kuandika hesabu za vyumba, najua kumtuliza mgeni aliyepotelewa na mzigo. Vyote hivyo viko nyuma ya ngozi mbovu.


Jumatano, 24 Februari

Nimepaka ya Ruth.


Jumamosi, 27 Februari

Imefanya kazi. Ndilo linalonikera! Wekundu umeshuka, ngozi imetulia, nimejitazama kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi nikamuona yule Elieza wa Novemba. Wiki tatu za kubabuka na dawa ya daktari hazikunipa hata robo ya hii. Najua ni deni. Najua kabisa. Na bado leo nimepaka tena.

Jumatatu narudi mapokezi. Sadoki kanishika bega.


Alhamisi, 4 Machi



Hoteli imejaa. Nimesimama mbele kutwa, shati jeupe, tai. Mchana Nanyori kapita na mashuka, akasimama. Kangojea mpaka wageni waondoke kaunta. Kasema, "Kaka Elieza, umepona. Ni ileile ya dada yako? Naomba uniombee anikopeshe moja. Yangu imeisha na siwezi kukaa hivi."

Akashusha kanga.

Mashavu yake ni kama yangu ya mwezi uliopita, ila mabaya zaidi. Vimishipa vyekundu vinaonekana chini ya ngozi kama nyuzi. Nywele laini zimeota kwenye taya, mwanamke yule. Kwenye kona ya mdomo kuna mpasuko.

Nikamuuliza nani alimpeleka kwa Ruth. Kanishangaa.

"Si ni wewe! Mwaka jana nilikuona hapa unang'aa, nikakuuliza, ukanielekeza dukani kwake. Na dada yako akaniambia kama nina wasiwasi nije nikutazame tena. Anatuambia wote. Nendeni mkamtazame mdogo wangu hotelini."

Wote. Kumbe nilikuwa nimesimama hapa kama picha ya tangazo. Kila aliyekuja kuuliza kitu kisicho na maana kisha akaondoka — wale wasichana wa Novemba ambao nilidhani wananipenda. Nilijisikia mjinga hadi masikioni. Mgeni mmoja kaniita mara tatu ndipo nikasikia.

Nimeitupa tyubu. Nimeikata kwa mkasi kwanza, ili nisiiokote.


Jumamosi, 6 Machi

Nimekwenda Kwa Mrombo. Siku ya soko, watu tele. Duka la Ruth limejaa mpaka juu: losheni, sabuni, mafuta ya nywele, na zile tyubu nyeupe zimepangwa mbele kabisa, mahali pa pipi. Wasichana wawili walikuwa wanachagua. Nikawaambia msinunue hiyo, ni dawa ya cheti cha daktari, inaharibu uso.

Ruth akatabasamu kwao. "Huyu mdogo wangu anapenda utani." Walipoondoka na tyubu yao moja, uso wake ukabadilika.

"Unanifanyia nini?"

"Uliwaambia watu waje wanitazame?"

"Ndiyo. Ulikuwa unapendeza. Kosa liko wapi?"

"Nenda ukamwone Nanyori wa dobi. Uso wake umeharibika, dada. Ni wewe na mimi."

"Mimi simlazimishi mtu kununua."

"Imeandikwa pale pembeni, kwa cheti cha daktari tu. Unajua kusoma."

"Najua kusoma, na nimekufundisha wewe kusoma." Hapo sauti yake ikapanda, muuza nyanya wa jirani akageuka. "Miaka ile ya uhaba duka lilikuwa na nini? Sabuni ya foleni na kiberiti. Leo kila kitu kinaingia, na mimi nimeingia nacho. Nikiacha kuuza, atauza yule pale. Na yule. Nani amekuja kuwakataza? Hakuna. Wewe ukala, ukavaa, ukasoma, hukuuliza fedha inatoka tyubu gani."

Nilikuwa na hasira tu, na hasira si jibu. Nikachukua tyubu kwa mikono miwili kutoka mbele, nikazimwaga chini, nikaondoka nikizikanyaga.

Nyuma nimesikia analia au anacheka. Sikugeuka.


Jumanne, 9 Machi

Uso umerudi kuwa moto. Sadoki kaona saa nne asubuhi. Mkutano unaendelea, kanipeleka dobi katikati ya zamu. Kuna kijana mpya mbele, ngozi kama yai, hajui kuandika risiti kwa Kiingereza.

Baada ya kazi nimempeleka Nanyori kwa Daktari Magreth. Njiani alitembea mbele yangu, kanga usoni. Ana haki. Daktari alimgeuza uso dirishani kama alivyonigeuza mimi, na hakuwa mpole tena. Aliniuliza duka liko wapi. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nanyori akamwambia.

Mimi nilikemewa peke yangu baadaye. Nilimwambia daktari ukweli, kwamba nilirudia. Kasema nianze upya. Punje ya dengu.


Ijumaa, 12 Machi

Baba kaleta ujumbe kupitia jirani anayeshuka sokoni: Jumapili nifike nyumbani, kuna kikao, nimemdhalilisha dada yangu hadharani. Hakuna swali. Kikao tayari kina hukumu.

Vizuri. Nitakwenda na uso huuhuu. Sitavaa kofia.


Jumapili, 14 Machi, nyumbani

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, karibu na pipa la maji. Ndani wamekaa Baba, Mama, na baba mdogo. Wamesema wataniita.

Nimefika mapema, nimejipanga. Nilikuwa na maneno yangu yote: Nanyori, daktari, maandishi ya pembeni mwa tyubu. Nilitaka kumaliza jambo mbele ya wazee, Ruth asipate pa kujificha. Nilikuwa narudia maneno hayo hapahapa Ruth alipotoka jikoni na kitambaa. Hakunisalimia. Akainama kwenye pipa, akanawa uso. Kwa sabuni, kwa nguvu, mpaka poda yote ikashuka na maji. Kisha akasimama mbele yangu, jua limempiga usoni.

Sikuwahi kumwona bila poda. Nadhani ni miaka.

Mashavu yana vimishipa. Kidevu kina nywele. Chini ya macho ngozi inang'aa kama karatasi ya mafuta, unaweza kuona ndani.

"Unafikiri sioni?" akasema. "Nilianza kabla yako. Nimejaribu kuacha mara mbili. Nililala ndani, duka likafungwa, nikamwambia Mama nina malaria. Nani atanunua krimu kwa mtu mwenye uso kama wako?"

"Ulijua. Ukanipa mimi."

"Kwako ilikuwa inafanya kazi."

"Ulijua, dada."

Hakukataa. Nilitaka akatae, ili niendelee kupiga kelele. Akajifuta shingo, uso akauacha. Akauliza daktari yule anaona wagonjwa siku zipi. Nikamwambia. Nikaona kifuani nafuu inaanza kuingia, nikaifukuza, maana papo hapo akaongeza kwamba mzigo mwingine unavuka Namanga keshokutwa, maboksi, umeshalipiwa, na hana namna ya kuurudisha.

"Usiuuze," nikasema.

"Na Baba utamwambia wewe duka limefungwa kwa nini?"

Bado nina hasira naye, na sasa sijui niishike wapi.

Baba ameita jina langu. Ruth ametangulia kuingia. Mkoba wake wenye poda umebaki hapa kwenye ngazi, pembeni ya mguu wangu. Kisha namsikia Mama ndani anamuuliza Ruth, taratibu, kwa Kimeru, mwanangu, umeufanya nini uso?

Baba ameniita tena.