Ishara ya Mtu Anayerudi

Kasulu, 10 Februari 1974

Mwanangu Epifania,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Sisi, yaani mimi na mbuzi. Tangu tumzike mama yako nyumba imekuwa kubwa mno kwangu. Masikio nayo yananiacha. Jumapili watu walinisalimia nikapita tu, sasa wanasema Sylvesta ana maringo. Kanisani nimeacha kwenda. Omba uhamisho urudi nyumbani. Hao wanafunzi wako viziwi watatu wamshinde baba mmoja?

Baba yako, Sylvesta

Kumsenga, Kibondo, 2 Machi 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na masikio. Mimi mzima, ila vumbi la chaki linanikohoza. Rosa, mmoja wa hao watatu, naye kijijini walimwita mkaidi kwa kutoitikia salamu. Nikamfundisha kutazama mikono: akiona mtu anampigia makofi ya salamu, naye anapiga. Bibi yake alilia siku hiyo. Nikiondoka hawa watoto hawana mwalimu mwingine. Nisamehe, baba. Nawe tazama mikono ya watu, urudi kanisani.

Mwanao, Epifania

Kumsenga, 19 Septemba 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Miezi sasa huniandikii. Naomba iwe ni hasira tu, usiwe mgonjwa. Operesheni ya serikali imewahamishia watu kwenye vijiji vipya. Wavulana wangu wawili wamekwenda, hata kuwaaga sikuwahi. Rosa mama yake kamchukua wakarudi kwao, huko huko Kasulu, jirani na misheni. Mimi nimepewa darasa la tatu, watoto wanaosikia. Wanapiga kelele kutwa, na sijawahi kuwa mpweke hivi. Mtafute Rosa, baba. Umpigie makofi kwanza. Jina langu kwa mikono ni kugusa shavu la kushoto, penye kovu.

Mwanao, Epifania

Kasulu, 30 Oktoba 1974

Mwanangu,

Mzima mimi. Nilikununia, yameisha. Rosa nimempata. Nilipiga makofi akaitikia. Nilipogusa shavu alinishika mkono, hakuuachia mpaka kwangu. Sasa anakuja kila siku. Kanifundisha ishara za maji, njaa na mbuzi, na ananicheka nikikosea. Jumapili kanisani alinivuta nguo kila niliposalimiwa, basi maringo yangu yamesahauliwa.

Lakini jioni anagusa shavu, halafu anatazama barabara ya Kibondo. Anachouliza nakijua: kama utarudi. Nifundishe ishara ya "atarudi". Kama si kweli, nipe nyingine. Mtoto huyu sitamdanganya.

Baba yako, Sylvesta

Kumsenga, 21 Novemba 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Uhamisho niliuomba siku ileile ilipofika. Ofisini wamekataa, wanasema darasa la tatu halina mwalimu mwingine. Nitaomba tena, ila sijui wataniachia lini.

Ishara ya "atarudi" ipo, lakini usimwonyeshe. Fungua viganja vyote viwili, uviinue kidogo mbele yake, vitupu. Hiyo ni "sijui". Ataielewa. Nilimfundisha siku aliponiuliza kama wale wavulana watarudi darasani.

Ukishamwonyesha, usiingie ndani, baba. Kaa naye hapo nje mpaka mama yake aje kumchukua.

Mwanao, Epifania