Fomu ya Bima Niliyomjazia Kaka

Jumatatu. Bariadi ina vumbi leo. Malori ya pamba yanapita tangu asubuhi, na nyuzi nyeupe zimenasa kwenye wavu wa mlango wa duka langu. Nimefunga mapema. Siumwi, wala sina safari. Nimechoka tu kutazama fomu za watu.

Kuna jambo nililificha wiki tatu, na Jumamosi lilitoka. Naliandika sasa, kabla sijaanza kujitungia maelezo yatakayonipendelea.

Nina steshenari ndogo karibu na stendi. Napiga chapa, natoa kopi, nawajazia watu fomu za shule na za vitambulisho. Kaka yangu, Maduhu, ni fundi seremala hapa hapa mjini. Mikono yake inajua mbao, lakini Kiswahili cha kwenye karatasi kinamchosha, kwa hiyo kila karatasi yake hupitia kwangu. Huniita ilumbu, kama Wasukuma tunavyomwita ndugu, dada kwa kaka na kaka kwa dada. Tulizaliwa wawili tu.

Mwaka jana wakala wa bima alifika kwenye karakana yake. Anaitwa Rashidi, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku kikazi. Maduhu alidhani bima ni moja, ukishakata umekata. Rashidi akamfafanulia taratibu. Ya matibabu inalipa hospitali. Ya mali inalipa karakana ikiungua au ikiibiwa. Ya kipato ndiyo inayokulipa wewe mwenyewe kila mwezi, sehemu ya ulichokuwa unapata, ukishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au ajali.

Maduhu aliipenda hiyo ya mwisho. Akachukua ya matibabu na ya kipato, akaniletea fomu.

“Ilumbu, jaza. Mimi nitasaini.”

Akakaa kwenye benchi, akanywa chai, akaanza kunisimulia habari za mvua za Itilima. Mimi nikawa najaza, nikianza na ya kipato. Jina, umri, kazi, mke, watoto. Ukurasa wa tatu kulikuwa na swali: je, umewahi kutibiwa au kulazwa kwa tatizo la mgongo?

Nilijua jibu.

Miaka michache kabla ya hapo alianguka na pikipiki akitoka Malampaka. Alilazwa Mwanza karibu mwezi mzima, na mimi ndiye niliyekuwa namlisha uji kwa kijiko kwa sababu madaktari hawakutaka ainuke. Nilikuwa nafua mashuka yake. Sikuwa nimesahau hata siku moja ya wodi ile.

Nikaweka alama ya vema kwenye Hapana.

Sikumuuliza. Kulikuwa na watu wanne wanasubiri kopi. Niliogopa kwamba nikiandika Ndiyo wataomba ripoti ya daktari, au watamkataa kabisa. Nikajiambia amepona, si anabeba mbao za mninga peke yake? Kwenye fomu ya matibabu kulikuwa na swali lile lile, nikajibu vile vile. Kisha nikamwonyesha mahali pa kusaini, chini ya maneno yanayosema kwamba majibu yote ni ya kweli. Akasaini huku anacheka.

Kabla pamba haijaanza kununuliwa mwaka huu, Maduhu aliinama kuinua mbao na hakuweza kunyooka tena. Sasa anatembea na fimbo. Kuinama hawezi, randa hawezi kusukuma. Kadi ya matibabu ilimlipia picha na dawa, hapo hapakuwa na shida. Alipodai ile ya kipato, kampuni iliomba karatasi za hospitali, wakaliona faili la zamani. Barua ikaja, wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo.

Aliileta kwangu, kama kawaida. Niliisoma yote kimya. Ilisema dai limekataliwa kwa kuwa mwombaji hakueleza ugonjwa wake wa awali.

“Wanasemaje?”

“Wanasema hawalipi.”

“Kwa nini?”

“Wana mambo yao hao,” nilimjibu.

Hicho ndicho kinachoniuma kuliko ile alama. Fomu niliijaza kwa haraka. Barua niliisoma polepole, nikamdanganya nikiwa namtazama usoni.

Kuanzia hapo Maduhu akaamini Rashidi ni tapeli. Aliwaambia wanakwaya wenzake kanisani, akawaambia mafundi wenzake, habari ikafika kijijini kwetu Mwamapalala. Kina mama wakamzomea Rashidi gulioni, wakimwita mwizi. Watu wawili walikuja dukani kwangu kuchapa barua za kujitoa kwenye bima zao. Nilizichapa. Nikazipigia na mstari chini ya kichwa cha habari, zikapendeza.

Jumamosi baba mdogo Shigela aliitisha kikao nyumbani kwa Maduhu, ili waamue kama wampeleke Rashidi polisi. Hakuna aliyetegemea kwamba Rashidi angekuja mwenyewe. Alikuja na pikipiki, akatusalimia kwa Kisukuma, “Mwadila,” kwa ile lafudhi yake ya pwani. Baba mdogo peke yake ndiye aliyeitikia. Mkononi Rashidi alikuwa na kopi ya fomu.

“Kaka Maduhu, sikuja kugombana,” alisema. “Naomba unieleze kitu kimoja. Ukurasa huu wa tatu, kwa nini uliandika hujawahi kuugua mgongo?”

Maduhu akashtuka kama aliyechomwa. “Nani kaandika hivyo? Mimi nimelazwa Mwanza, watu wote hapa wanajua! Ningefichaje?” Akaichukua ile kopi, akaninyooshea. “Ilumbu, hebu soma. Huyu anasema nini?”

Niliishika. Mwandiko ulikuwa wangu.

“Ni mimi niliyeandika,” nikasema.

Kaka akanitazama. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayenifungulia mlango nitoke.

“Ulikosea?”

Ningeweza kusema ndiyo, na pale pale yote yangekwisha. Wangenisamehe kabla ya chakula.

“Hapana,” nikamjibu. “Nilijua. Na barua nayo niliielewa. Sikukwambia.”

Wifi Kabula, mke wake, aliinuka akaingia ndani na sufuria tupu. Baba mdogo alitazama chini. Maduhu akamgeukia Rashidi, siyo mimi.

“Kwa hiyo wewe hukuniibia.”

“Hapana, kaka.”

“Basi nisamehe. Nimekuchafua kwa watu.”

Nikamuuliza Rashidi ingekuwaje kama ningejibu Ndiyo. Alisema huenda wangeuacha mgongo nje ya mkataba na kubeba magonjwa mengine, au wangemkubali kwa masharti. Swali lile halikuwekwa ili kumnyima. Liliwekwa ili wajue wanabeba nini. Miaka yote hii najaza fomu za watu, na sikuwahi kulifikiria hivyo. Nilidhani kazi yangu ni kuhakikisha fomu inapita.

Akasema pia kwamba tunaweza kuiandikia kampuni, tueleze kuwa mwenye bima hakujibu mwenyewe. Lakini akatuonya. Wakifungua faili upya, wataona jibu lile lile kwenye bima ya matibabu, na hiyo nayo wanaweza kuivunja. Kadi inayomnunulia kaka dawa za maumivu.

Nilitamani kaka aseme tuache.

Maduhu aliniambia bila kunitazama. “Kaseme. Kama ilivyokuwa.”

Jana, baada ya matangazo kanisani, nilisimama nikasema Rashidi hakumdhulumu mtu, mwenye kosa ni mimi. Leo asubuhi nimekwenda ofisini kwao, nikaandika maelezo kurasa mbili, nikasaini. Mama mmoja msimamizi aliyasoma mpaka mwisho, akaniambia yatapelekwa ofisi kuu, lakini tusijipe matumaini makubwa, maana saini ni ya kaka. Kuhusu kadi ya matibabu alisema hawezi kuniahidi lolote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikarudi dukani. Bibi mmoja alileta fomu, nikamsomea kila swali kwa sauti na kumsubiri ajibu. Wa nyuma yake walianza kuguna. Bibi mwenyewe akasema, “Mwanangu, si uandike tu? Wewe ndiye unayejua.” Nilimwambia sijui. Niliendelea kumsomea.

Mnamo saa tisa nilimwona wifi Kabula akija upande wangu wa barabara, bahasha mkononi. Najua ni fomu ya shule ya mtoto wao mkubwa, walikuwa wanaisubiri. Nikapangusa kiti. Alipofika karibu na mlango wangu alisita, macho yetu yakakutana, akanisalimia kwa kichwa.

Kisha akavuka, akaingia steshenari ya ng'ambo.

Sikumwita. Nilikaa na kile kiti kitupu mpaka nikaamua kufunga.

Ningekuwa mimi ni yeye, ningeingia duka gani?