Folda ya Majina Yetu

Shoga, nimetoka sasa hivi kwenye klabu yetu ya kompyuta.

Katibu wetu, yule fundi anayetutengenezea kompyuta bure, alikuwa akitufundisha kulinda nywila. Kulinda! Akasahau kwamba projekta inaonyesha skrini yake yote. Akafungua folda, na ukutani yakajipanga majina yetu, kila jina na picha zake.

Picha zetu za faragha. Alizinakili kila tulipompelekea mashine. Kumbe tulimkabidhi fisi bucha.

Mwanachama mwenzetu, muuguzi mstaafu, akaiona yake: marehemu mumewe kitandani, siku zake za mwisho.

“Mwenyekiti, hizo ni nakala za akiba tu,” katibu akaniambia, mkavu wa macho. Za akiba!

Nikamwamuru azifute mbele yetu na ajiuzulu. Unajua wanachama walisema nini? “Akiondoka, printa zetu atazitengeneza nani?” Wakapiga kura. Kumi na mmoja, wengi wetu, wanataka abaki.

Muuguzi hakunyoosha mkono. Alinigeukia: “Mwanangu, si wewe uliyeniambia nimwachie kompyuta yangu, kwamba ni mwaminifu?”

Ni mimi. Tena nilimwambia kwa maandishi.