Kisima cha Kalangwa na Maswali Yangu kwa San Telmo

Cheyo,
Tabora.
18 Agosti, 1974

Mpendwa mwanangu Mfaume,

Marahaba sana. Shikamoo yako imevuka bahari na kunifikia ikiwa bado ya moto, pamoja na picha ya uwanja wa San Telmo. Hujambo huko Meksiko? Kile kifua kilichokusumbua kwenye baridi ya milimani kimepona? Unakula ukashiba? Sisi ni wazima, Alhamdulillahi. Baba yako Abbasi bado anashona kofia na bado anabishana nami kila jioni. Bibi yako Mwamvita, huko Kalangwa, goti linamuuma lakini ulimi haumuumi hata kidogo.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Serikali ilikutuma ukasomee mbegu za mahindi, nawe umeniletea mji mzima! Unasema San Telmo ni mji mdogo wenye halmashauri yake, soko lake la Jumapili, na kwamba zamani misafara ya nyumbu waliobeba madini ya fedha ilikuwa ikilala hapo. Basi hao ni ndugu zetu. Lakini hukuniambia nyumbu walinyweshwa wapi, nani aliwapikia wenye nyumbu, na kama waliougua njiani waliachwa wakapona wakaoa hapohapo, kama walivyofanya babu zetu wapagazi pale Kalangwa. Uliza. Tena waulize wanawake wazee, maana wanaume watakusimulia vita tu.

Na hili la kuchemsha mahindi kwa chokaa! Jirani yetu Leonia aliposikia alitaka kukwangua ukuta. Nimemzuia. Eleza ni chokaa gani na kiasi gani, kabla hatujauana.

Mahindi, karanga, hata tumbaku inayowatoa jasho wakulima wa Urambo, vyote vilianzia upande huo wa dunia. Bado wapo watu wazima hapa mjini wanaoapa kwamba ugali wa mahindi tunao tangu Adamu. Nimewaandikia gazetini. Hawajajibu.

Sasa nije kwenye linaloninyima usingizi. Kalangwa inahamishwa. Wewe unajua mimi si adui wa Ujamaa. Nimeutetea sokoni na harusini mpaka nikabandikwa majina. Watu wakae pamoja wapate shule na zahanati, nani atakataa? Lakini wameambiwa wahamie kando ya barabara ya Urambo, mahali pasipo na maji, waache kisima kilichochimbwa na wapagazi, ambacho hakikukauka hata miaka ya njaa. Bibi yako amesema hatoki. Nyumba yake imekwisha kupigwa alama ya kubomolewa.

Mwezi uliopita alikuja mtu wa wilayani kuongoza mkutano pale Kalangwa, Bwana Kornel, Mgogo wa Mpwapwa, mpole, mwenye kofia ya pama. Nikaenda na hotuba niliyoiandaa wiki nzima. Nilianza na historia, kwa hasira ya kweli.

"Babu zako waliitoza misafara yetu hongo ya njia kwa kila kibuyu cha maji ilipopita Ugogo! Leo wewe hutaki hata hongo, unataka kisima chote!"

Akanitazama. Halafu akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtani, leo umenipata!"

Uwanja mzima ukalipuka. Nikataja haki, nikataja siasa ya chama, na kila nilipokaza sauti ndivyo walivyozidi kucheka. Masolwa, mwenyekiti wa kijiji, alinipigia makofi kama niko ngomani. Mnyamwezi na Mgogo! Nilisahauje? Utani wetu ulizaliwa kwenye njia hiyohiyo ya misafara, nami nilisimama mbele ya mtani nikidhani nahutubia serikali.

Basi nikaacha hotuba, nikamvua kofia. Unajua mtani akikunyang'anya kitu hugombi, unakomboa.

"Utaikomboa kwa ndoo moja ya maji ya huko unakotupeleka. Si ya kuletwa na lori. Ya hapohapo."

"Mtani, utaniua kwa jua!"

"Mgogo afe kwa jua? Labda kwa aibu."

Akaenda kweli, pamoja na wanaume wenye majembe, kwa kuwa utani haukataliwi mbele ya watu. Walichimba mchana kutwa na hawakuona hata udongo mbichi. Alirudi midomo imempauka, akanywa kisimani kwetu, akaahidi kwamba hakuna nyumba itakayobomolewa mpaka wataalamu wapime maji.

Watu walishangilia. Mimi nilirudi Cheyo nimenuna. Hoja zangu zilikuwa za kweli na hakuna aliyezisikia. Kilichosikika ni kofia. Na upande wa Bukene, binti wa rafiki yangu, Apolinaria, amehamishwa na watoto wake wadogo hadi mahali pakavu vilevile, kwa sababu aliyetumwa kwao hakuwa mtani wa mtu. Haki gani hiyo, inayotegemea kabila la mjumbe?

Ndiyo maana nimeng'ang'ania pale uliposema kwamba San Telmo, baada ya mapinduzi yao, ardhi ya yule bwana mkubwa mwenye mashamba iligawiwa, ikawafuata wanakijiji pale walipokuwa, wala si wao kuifuata. Nani aliamua hivyo? Mpimaji alipokuja na kamba zake, walimwambia nini? Walishika sheria au bunduki? Mkutano wao ukisema hapana, hiyo hapana inamfunga nani? Usiwapambe. Niandikie na pale waliposhindwa.

Jibu upesi, mvua zisitukute hatuna la kusema. Bwana Kornel amehamishwa. Wanasema alikuwa laini mno. Mwezi wa kumi anakuja mwingine, naye ni Mhaya. Sisi na Wahaya hatutaniani.

Baba yako anakusalimu, dada yako Mwanajuma anakusalimu, na Leonia anangoja habari za chokaa. Bibi yako anasema ukirudi umkute Kalangwa, usimtafute pengine. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo katika nchi ya watu, akurudishe kwetu salama.

Mimi shangazi yako nikupendaye,
Mwanahawa