Vidole Vinne vya Kitambaa

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na shemeji na wanangu wote hapo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo inayougua, na sitakuficha, ni wivu.

Unamkumbuka yule mwalimu wa chekechea wa ghorofa ya juu niliyekusimulia? Miaka miwili, kila akitoka kazini alipitia kwangu, akavua viatu, akakaa karibu na cherehani na kunihadithia vituko vya watoto wake. Sasa hapiti. Ng'ambo ya barabara amefungua saluni msusi mmoja tunayemwita Kicheko, maana yule hucheka hata akimeza dawa. Basi mwalimu kahamia huko. Nikishona nawaona dirishani, wanacheka mpaka wanashikana mabega, nami nimebaki na sanamu ya kuvalisha nguo, isiyo hata na kichwa cha kunisikiliza. Hee, dada, niliwachukia! Hata nywele zake zilivyompendeza, nilizichukia.

Mwezi uliopita akaniletea kitambaa cha gauni la mahafali ya watoto wake. Nikampima, nikashona, akaja kujaribu: linambana kwapani. Nikasema nitaliachia. Akarudi, linabana kiunoni. Akarudi tena, nyonga. Kila akija anakuta chai tayari, anakaa akisubiri nifumue, tunapiga soga kama zamani. Mara tatu. Nikakisingizia kitambaa, eti kimesinyaa.

Dada, nililibana kwa makusudi. Fundi huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, kidole kimoja hivi. Mimi niliacha vidole vinne kila upande, niwe naachia kidogo kidogo, naye awe anarudi.

Njia ya mwongo fupi. Juzi aligeuza gauni ndani nje, akaiona akiba yote ile. Nikangoja anitukane. Akaniuliza tu, taratibu, kwa nini sikumwita. Akasema alidhani nimemchoka, kwa kuwa akiingia siinui macho kwenye cherehani, na akiondoka simwambii hata karibu tena. Kicheko humwita tangu akiwa barabarani. Akachukua gauni lake, chai hakuigusa.

Aibu niliyoiona, wee acha tu. Kesho nitasimama mlangoni nimwite, sijui kama ataitika. Halafu nikajiuliza ni nani nimewahi kumwita maishani mwangu, nikamkosa. Hata wewe, miaka sita nakuandikia kwamba nina kazi nyingi, usijisumbue kuja. Nilikuwa nadanganya. Kazi hazijawahi kuwa nyingi kiasi hicho, na kitanda cha pili kipo, kimejaa vitambaa tu. Nitavitoa.

Njoo, dada. Nakuita, njoo.

Nibusie watoto, na shemeji mwambie nakuazima, nitakurudisha.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi