Sahani Nyuma ya Mlango

Baba Adongo,

Ugali uko mezani. ~~Mboga hakuna~~ Mboga iko, soma mpaka mwisho. Watoto wako kwa Mama Shamima, wachukue mapema.

Mama yako ameenda. Usinikasirikie kabla sijakueleza.

Asubuhi alishuka ziwani akarudi na bakuli la omena mbichi, hao dagaa wenu, akakaa nje kuzisafisha. Nikatoka kumsaidia. Ya kwanza tu niliyopasua tumbo, mnyoo mweupe ukatoka, mrefu kama kamba ya kiatu. Unajua kwetu Kisii sikukua nikila samaki. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Mama, unataka kuua watoto wangu?" Nikawamwagia kuku bakuli lote.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mnyoo tunatoa, nyathina, mwanangu, halafu tunapika mpaka ziive. Hata bwanako nilimlea hivyo." Akachukua mkoba wake. Chai hakugusa.

Mama Shamima naye ameniambia vilevile, kwamba zikiiva vizuri huo mnyoo haumdhuru mtu. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa nikifagia nimekuta sahani nyuma ya mlango, imefunikwa kwa gazeti. Omena safi, zimetolewa matumbo moja moja, zimetiwa chumvi. Alikuwa amesafisha za watoto kwanza.

Nimemfuata stendi ya Rodi, labda bado anangoja gari. Nikimkosa, nitaenda mpaka kwake Sori.

Kaanga hizo, ziive sana. Mniachie kidogo. Nikirudi naye, nataka nizile akiniona.

Mama Adongo