Gambuti la Mguu wa Kulia

Jumanne, 2 Mei 1995

Maziwa yamemwagika tena. Wesley amerudi kutoka kituo cha maziwa, mtungi umelowa, kiti kimelowa, na wa kupanguza ni mimi. Mungu wangu, huyu mume wangu na gia! Akiingiza ya pili pikipiki inaruka. Akirudisha ya kwanza inapiga kichwa chini. Mtungi hauna mimba. Mimi ninayo.

Pikipiki ni ya marehemu baba. Alipewa na meneja wake Mzungu pale shamba la chai, siku Mzungu anarudi kwao. Ilikuwa kuukuu hata wakati huo. Baba akaniachia mimi, hakuwa na mwingine. Gia yake iko mguu wa kulia, breki kushoto. Wesley alijifunzia zile za Kijapani, ambazo ni kinyume. Akishtuka tu, anakanyaga kulia akitafuta breki. Anapata gia.

Ninaogopa. Nimechoka kuambia watu niko sawa.

Alhamisi, 4 Mei

Kliniki, Litein. Daktari alipapasa tumbo, akapapasa tena. Mtoto amekaa vibaya, kichwa juu. Vile vile alivyokaa yule wa mwaka juzi. Yule alitanguliza miguu, hapa nyumbani, mikononi mwa mama mkwe, na hakulia. Hatukumpa jina.

Huyu lazima azaliwe hospitali. Nirudi Jumatatu tarehe kumi na tano, nilazwe, ningojee huko. Uchungu ukianza mapema nisikae hata kidogo.

Nisikae! Mvua imekata barabara. Lori la majani halifiki kwetu, wachumaji wanabeba vikapu mpaka ng'ambo ya mto. Imebaki pikipiki tu. Na Wesley.

Tukirudi aliteremkia mtoni na fri, gia haimo, eti anaokoa petroli. Breki hizo hazijawahi kushika vizuri. Baba alikuwa anaacha injini ndiyo izuie. Nilifumba macho, nikashika shati la Wesley mpaka kifungo kikang'oka. Akalalamikia kifungo.

Jumapili, 7 Mei

Baada ya kanisa mama mkwe alianza mambo ya majina. Kwetu mtoto huitwa kulingana na alivyokuja. Wa wakati wa mvua ni Cherop. Wa hospitali, kwa mambo ya wazungu, ni Chepchumba. Aliyezaliwa nje, njiani huko, ni Chesang. Akiwa kijana ni Kipsang.

"Na hiyo pikipiki yenu," mama akasema, "mimi nimejiandaa kwa Chesang."

Nyumba nzima ikacheka. Wesley pia. Nilienda nyuma ya jikoni nikatapika. Si mimba. Ni woga.

Jumatano, 10 Mei

Nimemwambia Wesley nitamfundisha. Uwanja wa shule, watoto wakiwa wameenda. Anajua nilikuwa naendesha kwa baba, lakini tangu niolewe sijashika usukani. Mwanamke mbele, bwana amekaa nyuma? Kijiji chote cha Boito kingekosa usingizi kwa kutusema.

Nilimwelezea vile baba alinielezea. Punguza mafuta. Vuta klachi. Ngoja kidogo, sikiza injini ishuke. Gusa gia kwa vidole vya mguu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Achia klachi polepole.

"Nimesikia, nimesikia." Halafu ikaruka, karibu nianguke.

Nikamwambia avue gambuti. Mguu utasikiaje gia ndani ya mpira mnene hivyo? Woi! Utadhani nimemwambia avue suruali. Wanaume wa huku, mvua ikianza Machi gambuti linatoka kitandani tu. Akasema hakuoa mwalimu. Nikasema hata mimi sikuolewa nizikwe.

Hatujasemezana tena. Naogopa kifo, na sasa naogopa pia kwamba nitakufa tukiwa tumekosana.

Ijumaa, 12 Mei

Mgongo unauma. Labda ni kuni. Sijaambia mtu.

Ngoja Jumatatu, mtoto. Tafadhali ngoja.

Jumatatu, 15 Mei

Kitandani. Hospitali. Niandike kabla sijasahau.

Jumamosi asubuhi chupa ya uzazi ilipasuka nikikamua ng'ombe. Mama mkwe aliona, na hakutaja jina lolote. Hapo ndipo nilijua na yeye anaogopa.

Wesley aliwasha. Mlima wa kwanza tulipita, ikirukaruka. Kwa mteremko wa mto gurudumu liliteleza, akashtuka, akakanyaga kulia. Gia ya kwanza ikaingia yote mara moja. Pikipiki ikajifunga, ikazunguka, tukaingia ndani ya majani chai. Matawi yalitushika. Hatukuumia. Wesley alisimama pale akilia, mtu mzima, mikono kichwani.

Nikamwambia, "Kaa nyuma."

Hakubisha. Niliendesha mimi. Tumbo limegusa tangi, magoti nje, Wesley amenishika mabega. Niliweka ya kwanza, nikaacha injini ituzuie mpaka chini, kama baba. Wachumaji waliacha kuchuma, wakasimama kwa mistari wakituangalia. Waangalie. Uchungu ukija nasimama, ukiisha naenda. Nilikuwa nahesabu majina badala ya kuomba. Chesang, hapana. Chesang, hapana.

Tulifika lami. Hapo mkono wa kushoto ulikataa. Uchungu haukuwa unaisha tena na vidole havikuweza kuvuta klachi. Litein bado mbali. Nilimwambia siwezi. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, kuliko hata mwaka juzi, kwa sababu mwaka juzi sikujua kinachokuja.

Wesley alinishusha, akanipandisha nyuma. Halafu akainama akavua gambuti la kulia. Akalitupa kando ya barabara, akapanda na mguu mtupu, umejaa matope.

Niliweka paji la uso mgongoni mwake, nikangojea mruko. Injini ilipanda, ikashuka, nikakaza meno. Haukuja. Nilipofumbua macho tulikuwa tayari gia ya tatu.

Walinipasua. Ni msichana. Wauguzi wanasema alilia mpaka wodi ya pili wakamsikia.

Alhamisi, 18 Mei

Mvua nyepesi. Mama mkwe amekuja na sufuria ya uji, amefunika kwa leso. Amemshika mtoto muda mrefu. Kisha akauliza jina, kwa sauti ya chini.

Wesley alijibu kabla yangu. Chepchumba.

Amekuja na gambuti moja kushoto na ndara kulia. Alirudi kutafuta lile lingine, mtu ameshalibeba. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Na yeye akacheka. Hakuna aliyeomba msamaha, na sidhani tutaombana.

Ameondoka sasa hivi kwenda kukamua. Dirisha liko wazi. Nimemsikiza akipita geti, akipanda kilima, gia moja ikiingia baada ya nyingine mpaka nisimsikie tena. Mtoto hajaamka.